Kiilu Ndululu na Udongo Usiooza

Tarehe 30 Septemba 1996, Bwana Kiilu Ndululu atastaafu baada ya kuitumikia maabara ya kituo chetu cha udongo hapa Kasikeu kwa miaka thelathini na minne na miezi sita. Aliingia Aprili 1962, kijana wa miaka ishirini na mmoja kutoka Nuu, akiwa ameajiriwa kuchimba mashimo. Anatoka akiwa mkuu wa maabara, na nadhani ndiye mtu pekee katika wilaya zetu hizi kavu aliyewahi kupoteza kiatu ndani ya matope yenye umri wa miaka elfu moja. Habari za kiatu hicho nitazieleza, maana yeye mwenyewe huzieleza kila Krismasi na bado tunacheka.

Mimi niliyepewa kazi ya kuandika haya ni Gathoni Thuo, karani wa maabara. Nilifika hapa mwaka 1971 kutoka Sultan Hamud, dukani kwa baba yangu, nikijua kupima sukari tu. Kupima udongo nilifundishwa na Bwana Kiilu. Nilipomwuliza angependa niandike nini, alitazama dirishani, akasema, "Andika ya Ufini, watu wafurahi. Na ya Ndiani pia uandike. Usiiruke."

Sijairuka.

Waliomjua zamani hukumbuka kwanza mikono yake. Alikuwa akisugua udongo kati ya vidole viwili, macho amefumba, kama mama anayeonja uji. Siku moja mgeni kutoka Nairobi alimletea mkebe ulioandikwa Ikutha. Kiilu alisugua, akanusa, akasema kwa adabu kwamba udongo ule haujawahi kufika Ikutha. Mgeni alikasirika. Jioni ikagunduliwa kwamba mikebe ilikuwa imebadilishwa kwenye gari. Tangu siku hiyo aliwekwa ndani ya maabara, mbele ya mizani, na mashimo wakachimba wengine. Alipenda kuimba nyimbo za kanisani akisubiri mizani itulie. Kwa kuwa mizani ile haikutaka hata pumzi ya mtu, aliimba bila sauti, midomo tu ikicheza. Mgeni aliyepita mlangoni angedhani anaomba.

Mwaka 1974 ilifika barua ya nafasi ya mafunzo ya miezi sita huko Ufini, kaskazini kabisa mwa Ulaya. Mafunzo yenyewe yalihusu udongo wa vinamasi. Ofisi nzima ilicheka. Hapa Kasikeu, ambako mto ni mchanga miezi kumi kwa mwaka! Hakuna aliyejaza fomu. Mkuu wa kituo wakati huo, marehemu Bwana Mutiso, aliiacha barua mezani wiki mbili, kisha akamwita Kiilu.

"Nenda," alimwambia. "Kama hatuna maji, angalau mmoja wetu ajue yanafanya kazi gani huko yaliko."

Aliondoka mwezi wa Mei na sweta mbili alizofumiwa na mkewe, Muthoki. Alirudi Novemba, mtu yuleyule, ila amepata tabia ya kunyamaza katikati ya mazungumzo na kutabasamu. Wakati wa chai tulikuwa tukimchokoza aseme, na akianza, hata mashine yangu ya chapa niliiacha.

Husimulia hivi. Unatoka kwenye msitu wa misonobari, na mbele yako nchi inalala wazi, tambarare, ya rangi ya kutu na dhahabu, mpaka macho yanachoka. Hakuna kilima hata kimoja cha kuyapumzisha. Maua meupe kama pamba yanatikisika juu ya maji, na pamba hiyo hakuna anayeichuma. Jua la kiangazi cha huko halitui; linatembea pembezoni mwa dunia kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Ukikanyaga, ardhi yote inayumba taratibu chini yako, na kijiti kilicho hatua kumi mbele kinainama kidogo na kuinuka tena. Sauti ni ndege mmoja tu, mbali. Harufu ni ya maji baridi na majani ya kale. "Nilikuwa nikitembea," husema, "na sikuwa na hakika kama nimeamka."

Mwalimu wake alikuwa Daktari Helvi Rantasalo, mama mrefu aliyevaa kofia kuukuu ya mumewe na kuzungumza Kiingereza kigumu, kigumu sawa na cha Kiilu, ndiyo maana walielewana. Siku ya kwanza kinamasini walisukuma bomba la chuma ardhini, wakaunganisha jingine juu yake, na jingine, mpaka wakafika mita tano na nusu. Walilivuta kipande kwa kipande na kulaza udongo uliotoka juu ya turubai. Wa juu ulikuwa kuvumwani, mimea midogo laini ya majimaji, bado kijani. Uliofuata ulikuwa kahawia. Wa chini kabisa ulikuwa mweusi, laini kama siagi. Wafini huuita turve, na sisi hapa kituoni tumeuita hivyo tangu aliporudi.

Daktari Helvi alipasua kile kipande cheusi kwa kisu. Ndani mlikuwa na jani dogo, limekamilika, mishipa yake yote ikionekana, rangi ya manjano ya kupendeza.

"Lina umri gani?" Kiilu aliuliza.

"Karibu miaka elfu tisa."

Alilishika kiganjani. Na mbele ya macho yake jani lile likaanza kuwa jeusi, kuanzia ukingoni kuelekea kati, mpaka kabla hajahesabu sitini likawa jeusi lote.

"Hewa imelifikia," Daktari Helvi alisema. "Limeingoja miaka yote hiyo."

Hapo akamweleza. Mmea ukiwa hai huvuta kaboni kutoka hewani na kujijengea mwili. Ukifa mahali pa kawaida, huoza, na kaboni ile hurudi hewani. Lakini katika kinamasi cha kaskazini mmea huanguka ndani ya maji baridi yasiyopitisha hewa. Hauozi sawasawa. Mwingine huanguka juu yake, na mwingine, nusu milimita kwa mwaka, labda kidogo zaidi, kwa maelfu ya miaka. Kaboni yote hiyo imelala pale chini. Ukichimba mfereji na kuyatoa maji, hewa huingia, majani yaliyongoja yanaanza kuoza, na kaboni ya enzi hizo zote inapanda juu, ambako huizuia dunia kupoa. Mwaka 1974 hayo hayakuwa mazungumzo ya redioni. Walikuwa wakiyawaza watu wachache waliovaa gambuti.

Kiilu alimwandikia Bwana Mutiso barua ambayo bado iko kwenye faili. Niliisoma tena juzi. Sehemu moja inasema: "Mzee, fikiria ghala la mahindi ambalo babu wa babu yake babu yako alianza kulijaza, konzi moja kila mwaka, na hakuna mdudu aliyewahi kuingia. Sasa fikiria mtu amefungua mlango na kuuacha wazi. Ndivyo walivyo na turve huku. Milango mingi wanaifungua, wapate kuni na mashamba. Nimeogopa kidogo."

Kuhusu kiatu: wiki ya tatu alikanyaga mahali palipoonekana pagumu, akazama mpaka kiunoni. Wanafunzi wenzake walimvuta kwa kamba. Mtu alitoka, gambuti ya kushoto ikabaki. Daktari Helvi alipima kina, akapiga hesabu, akaandika katika daftari lake kwamba kiatu cha Bwana Ndululu kimefika karne ya kumi.

Sasa ya Ndiani.

Ndiani ni bonde dogo karibu na Nuu, nyumbani kwao. Maji ya chemchemi hutoka chini ya kilima na kutandaa kwenye matete. Asubuhi ukungu mwembamba hukaa juu ya matete hayo, mweupe, hautaki kuondoka, na korongo husimama ndani yake kana kwamba hawana miguu. Bwana Kiilu alizaliwa akiliona bonde hilo na hakuwahi kujiuliza lina nini chini. Mwaka 1979 ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilitaka kulikausha kwa mfereji ili watu wapate mashamba. Yeye akatumwa kupima udongo. Alisukuma keekee, chombo cha kutobolea ardhi, mita mbili chini, na kilichotoka ni kitu kile kile: cheusi, laini, na majani ya matete ndani yake bado ni majani. Aliniambia alikaa chini pale kwenye nyasi akacheka peke yake. Turve, Ukambani! Kidogo sana, kiraka cha ekari arobaini, lakini ni turve.

Aliandika ripoti ya kurasa nne. Alisema kinamasi kisikaushwe. Kwamba udongo huu ukikauka utanywea, utashuka, na unaweza kushika moto. Ripoti ilirudishwa. Afisa aliyeirudisha alimwambia mbele yangu, "Wewe ni fundi wa maabara. Uliulizwa kama udongo una rutuba. Una rutuba au hauna?"

Jumamosi iliyofuata alikwenda Nuu kumwona dada yake mkubwa, Kalondu, mjane mwenye watoto sita. Alitarajia huyo atamwelewa. Kalondu alikuwa ameshaonyeshwa kipande chake.

"Kiilu," alimwambia, "wewe unakula mshahara. Mimi nalima mawe. Leo mara ya kwanza nimepewa udongo mweusi, na wewe ndiwe wa kuninyima?"

Alirudi Kasikeu akaandika ripoti ya pili. Ilikuwa na mistari miwili: Udongo una rutuba. Unafaa kwa kilimo. Niliichapa mimi. Aliweka sahihi akiwa amesimama, akatoka nje, na siku hiyo hakuimba mbele ya mizani.

Mfereji ulichimbwa katika nusu ya bonde. Familia kumi na moja zikapewa mashamba, na mahindi ya msimu wa kwanza yalikuwa marefu kuliko mtu. Kalondu alimletea kaka yake gunia kituoni, akacheka, "Ona udongo wako mbaya!" Naye alicheka, akagawa mahindi kwa sisi wote. Nilikula. Yalikuwa matamu.

Kisha ardhi ikaanza kushuka. Mwaka wa tatu, vigingi vya mipaka vilivyopigwa mpaka usawa wa udongo vilikuwa vimebaki vimesimama wazi, futi nzima juu. Mavuno yakapungua. Mwaka 1984 mvua ndefu hazikunyesha kabisa, tukala yale mahindi ya manjano ya msaada, na mwezi wa Agosti mtu mmoja akachoma mabua shambani mwake ili alitayarishe. Mabua yakaisha, moto haukuisha. Uliingia chini. Haukuwa na ndimi. Ulikuwa moshi tu, unaofuka kutoka kwenye nyufa wiki baada ya wiki, na ardhi ya juu ikionekana nzima. Kalondu alikwenda kuokoa mihogo yake. Udongo ukapasuka chini ya mguu wake wa kulia, mguu ukaingia kwenye majivu ya moto mpaka gotini.

Habari zilitufikia Jumatano. Ijumaa tulikwenda na gari la kituo, Bwana Kiilu, dereva Mutie, na mimi na mikebe yangu. Tulifika bondeni jua likiwa limeanza kulegea. Sijawahi kuona kitu kama kile. Nusu moja ilikuwa matete, kijani, maji yakimeta. Nusu ya pili moshi wa bluu umelala chini, umetulia, mzuri wa kutisha, na chini yake miaka elfu nyingi ikiteketea bila kelele. Bwana Kiilu alisimama ukingoni mwa mfereji, kofia mkononi.

Jumapili alikwenda kanisani Nuu, nami nikafuatana naye. Wakati wa ushuhuda ulipofika, aliinuka. Watu walidhani atamshukuru Mungu kwa kuwa dada yake amepona homa. Kalondu alikuwa amekaa benchi la mbele, mguu umefungwa, umelazwa juu ya kigoda.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi nilijua. Niliona kitu hiki katika nchi nyingine, na nikaandika kwamba bonde lisikaushwe. Waliponiambia niandike vingine, niliandika vingine. Niliyoandika yalikuwa kweli, lakini niliyoacha ndiyo yaliyomchoma dada yangu. Naomba msamaha kwake na kwenu."

Mzee mmoja nyuma alikohoa. Mimi nilitazama viatu vyangu, kwa maana ripoti ile ilitoka kwenye mashine yangu na nilikuwa nimesoma zote mbili.

Kalondu ndiye aliyejibu, bila kuinuka. "Aiya, Kiilu. Na mimi nilikufokea kwa sababu nilitaka shamba." Alijifuta uso kwa leso. "Sasa umeshasema. Tuambie tunauzibaje huo mfereji."

"Mkiuziba, mashamba yatarudi kuwa maji," alisema. "Yote kumi na moja."

"Langu ni la kwanza," Kalondu alisema. "Anzeni na langu."

Wengine hawakukubali siku hiyo. Wawili hawakukubali kwa wiki nzima, na siwalaumu; ilikuwa mwaka wa njaa, na anayeombwa kuachia shamba ana watoto. Lakini Jumatatu watu ishirini walifika na majembe, na Alhamisi walikuwa sitini. Bwana Kiilu aliomba likizo yake yote ya mwaka. Waliziba mfereji mahali tisa, kwa mawe na magunia ya mkonge yaliyojazwa mchanga. Maji ya chemchemi yalipanda polepole mno, upana wa kiganja kwa siku, na kila yalipofika kwenye ufa wenye moto, ardhi ilivuta pumzi ndefu na mvuke mweupe ukapanda. Ilichukua siku kumi na tisa. Mutie, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisema ilikuwa kama kumtazama mtu mgonjwa akishikwa na usingizi.

Ng'ombe wa Nuu walikunywa maji ya Ndiani mpaka mvua za Novemba zilipokuja. Bwana Kiilu naye aliandikia makao makuu barua, akaeleza ripoti mbili zilivyotofautiana na kwa nini. Alishushwa cheo kwa miaka mitatu. Bwana Mutiso alitaka kukata rufaa kwa niaba yake, naye akakataa. Alisema, "Acha, mzee. Hii ni halali yangu." Tangu hapo hakuna ripoti iliyotoka maabara hii ikiwa nusu. Vijana aliowafundisha, na ni zaidi ya arobaini, watakwambia kwamba somo la kwanza ni kusugua udongo, na la pili ni kuandika pia kile usichoulizwa.

Mwaka 1988, dunia nzima ilipoanza kuzungumza habari za joto kuongezeka, alipata barua kutoka kwa Daktari Helvi, aliyekuwa amestaafu. Alimwambia kwamba sasa wenzake wanakadiria turve ya kaskazini, ingawa imefunika sehemu ndogo tu ya nchi kavu, inashikilia karibu theluthi moja ya kaboni yote iliyo katika udongo wa dunia. Alimwuliza habari za bonde lake. Bwana Kiilu alitusomea barua hiyo wakati wa chai. Mmoja wa vijana akauliza Ndiani, pamoja na udogo wake, inasaidia nini mbele ya nchi nzima zenye vinamasi.

"Inasaidia Ndiani," alijibu. "Na ile hewa iliyotoka pale kwa moto, hata Daktari Helvi ameivuta."

Mwaka jana, mwezi wa Mei, alitaka kupima mara ya mwisho. Tulikwenda tena sisi watatu, na Kalondu akatangulia mbele yetu na mkongojo wake, akitukataza tusimshike. Bonde lilikuwa limejaa matete kutoka ukingo hadi ukingo. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Tuliingia ndani yake, na kwa muda hatukuonana, tulisikia tu maji chini ya miguu yetu na Kalondu akituita tumfuate. Pale palipokuwa shamba lake, Bwana Kiilu alisukuma keekee na kuitoa. Aliusafisha udongo kwa kisu. Mstari wa majivu ulionekana wazi, wa kijivu. Juu yake palikuwa na udongo mpya, mweusi, wenye nyuzi za matete.

Kalondu aliinama, akaweka kidole chake kando yake. Ulilingana na upana wa kidole hicho.

"Miaka kumi na moja ndiyo hii?" aliuliza.

"Ndiyo hii, dada."

"Ni kidogo."

"Ni kidogo," alisema. "Lakini haiozi."

Kalondu aliangua kicheko, kicheko kikubwa cha mama wa Nuu, na korongo wote wakaruka.

Bwana Kiilu, sisi wa maabara ya Kasikeu tunakushukuru kwa mikono yako, kwa nyimbo zako zisizo na sauti, na kwa siku ile uliposimama kanisani. Muthoki ametuambia mbuzi wanawangoja Nuu na nyumba imeezekwa. Nenda ukapumzike kwa raha, afya iwe nawe, na kila msimu mvua ikukute nyumbani.